Jiko dogo, vyombo vingi: namna ya kupunguza vitu jikoni, kutoka Kariakoo hadi kijijini

Swali hili limetufikia mara nyingi, kwa simu na kwa ujumbe mfupi: "Kila tukienda Dar tunarudi na vyombo vipya. Mbona siku ya kupika ukitafuta mwiko huuoni?" Wengine huongeza la pili: jiko limejaa, panya wamehamia humo, na vyombo vilivyoletwa kwa mkopo bado vinadaiwa.

Ili kulijibu tulifunga safari hadi Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tulikuwa na sababu mbili za kwenda huko. Vyombo vingi vilivyomo katika majiko yetu ya vijijini vimepitia Kariakoo kabla ya kupanda basi. Na watu wa Kariakoo, Ilala, Gerezani na Magomeni wanapika kwenye nafasi ndogo kuliko sisi. Mtu anayepika katika kona ya chumba kimoja amelazimika kujifunza nini kibaki na nini kiondoke.

Makala ni ndefu kidogo. Unaweza kuisoma kwa vipande, au kumsomea mwenzako asiyeona vizuri maandishi ya simu.

Kwa ufupi

- Anza na chakula, kisha vyombo, kisha majiko na mafuta.
- Toa kila kitu nje ndipo uamue. Ukipanga vitu vikiwa ndani unavihamisha tu kutoka kona moja kwenda nyingine.
- Gawa vitu katika mafungu manne: vya kila siku, vya mara moja moja, vya shughuli, na visivyotumika.
- Usimtupie mtu chombo chake bila kumuuliza.
- Jiko lililojaa vitu lina hatari ya moto, ya mbu na ya chakula kuharibika. Usilichukulie kama jambo la kuonekana nadhifu tu.

Jiko la Kariakoo likoje?

Jina Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha kikosi cha wapagazi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa eneo hilo, na jina likabaki. Soko kuu tunalolijua leo lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, na likafunguliwa mwaka 1975. Julai 2021 soko hilo liliungua, na serikali ikaanza kazi ya kulikarabati na kujenga jengo jipya pembeni yake.

Kabla ya maghorofa, nyumba ya kawaida ya Kariakoo ilikuwa ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Unaingia mlango wa mbele, unakuta ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Ukimaliza ukumbi unatokea uani. Huko ndiko kuna choo, bafu, stoo na jiko. Nyumba za namna hii bado zipo, na mara nyingi kila chumba kina mpangaji wake.

Jiko la uani likiwa la wote, hakuna anayeacha sufuria zake hapo usiku. Kila mtu anapika, anaosha, anaingiza vyombo chumbani kwake. Kwa hiyo chumba cha kulala ndicho pia ghala la vyombo, la unga, la mkaa na la ndoo za maji.

Nyumba nyingi za zamani zimebomolewa na kujengwa maghorofa. Magomeni Kota ni mfano unaojulikana: nyumba za zamani zilivunjwa, na majengo ya ghorofa kwa ajili ya kaya 644 yakazinduliwa Machi 2022. Anayehama kutoka nyumba yenye ua kwenda ghorofani anapata jiko lake mwenyewe la ndani, lakini anapoteza ua. Kinu na mchi, ambavyo uani havikumsumbua mtu, ghorofa ya nne vinamwamsha jirani wa chini. Gunia la mkaa halina pa kukaa.

Katika ua mmoja tulimkuta bibi akichambua mchele. Tulipomwamkia na kumweleza tunachotafuta, alicheka. "Wajukuu zangu," alisema, "mimi chumba changu nakilipia kodi. Sufuria nisiyoipikia nayo inalala humo humo, na kodi hainichangii." Kwake zipo sufuria nne, kikaango, birika, na vyombo vya kulia vya watu sita. Alisema vingine alimpa mwanawe alipooa.

Vitu vinatoka wapi?

Mtu akijua mlango unaopitisha vitu, ni rahisi kuuziba. Tulipozungumza na akina mama wa uani na wauzaji, milango ile ile ilijirudia.

*Kichen pati.* Bibi harusi mtarajiwa hupewa vyombo na ndugu, marafiki na majirani. Ni mila nzuri na humsaidia kuanza maisha. Lakini wageni wengi huleta vitu vinavyofanana: hotipoti tano, seti tatu za glasi, chupa nne za chai. Vingine hubaki kwenye maboksi miaka kumi.

*Mchezo wa vyombo.* Wanawake wanachangishana, na kila zamu mmoja anapata vyombo. Faida yake ni kwamba hata mwenye kipato kidogo anapata kitu cha maana. Hasara yake ni kwamba zamu ikifika unachukua hata kama hukihitaji.

*Bei ya jumla.* Kariakoo ni soko la jumla. Muuzaji akikwambia dazani moja ni nafuu, anasema kweli, ila unafuu huo ni wa mwenye duka. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kikombe kimoja rejareja ni shilingi 1,500, na dazani ni shilingi 12,000, yaani shilingi 1,000 kwa kikombe. Kama unahitaji vinne tu, rejareja utalipa 6,000. Ukichukua dazani umelipa 6,000 zaidi, na umebeba vikombe nane vya kukaa kabatini.

*Shida ya maji.* Ndoo, madumu na mapipa yanajaa kwa sababu mabomba hukauka. Mwaka 2022 kina cha Mto Ruvu kilipungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Mtu aliyepitia hayo hawezi kulaumiwa kwa kuweka madumu. Suala ni madumu mangapi, na yamefunikwa au la.

*Majiko juu ya majiko.* Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Nyumba nyingi zimenunua jiko la gesi. Lakini jiko la mkaa halikuondoka, na lile la mafuta ya taa bado lipo chini ya meza.

*Mifuko na makopo.* Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Sasa tunabeba mifuko mbadala, nayo inarundikana nyuma ya mlango. Makopo ya siagi, ya maziwa na ya rangi yanawekwa "huenda yatafaa".

Kwa nini si suala la unadhifu tu?

*Moto.* Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini. Kama sakafu ya jiko imejaa maboksi, ndoo na magunia, huoni mpira wa gesi uliopasuka wala uliotafunwa na panya. Pazia, mifuko na makaratasi karibu na jiko hushika moto haraka. Na kama mlango umezibwa na vitu, pa kukimbilia hakuna.

*Hewa ya mkaa.* Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na dirisha kwa sababu ya mbu au baridi, anaweza asiamke. Jiko likiwaka, likae nje au mahali penye hewa ya kutosha.

*Mbu.* Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu anayeeneza dengue hung'ata mchana, na hupenda kutaga mayai kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo: ndoo, pipa, kopo, sufuria iliyoachwa nje. Yai hadi mbu mkubwa huchukua takriban siku saba hadi kumi. Kila chombo usichokitumia kilichoachwa mvuani kinaweza kuwa nyumba ya mbu.

*Sumukuvu.* Hii inatuhusu sana sisi wa vijijini. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Jiko lililobanwa na vitu halipitishi hewa, gunia hugusa ukuta wenye unyevu, na unga wa zamani hujificha nyuma ya unga mpya.

*Sumu za majumbani.* Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, au dawa ya panya kwenye kopo la chumvi, vikichanganyika na vyakula katika rafu moja, mtoto hawezi kutofautisha. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimlazimishe kutapika, kwa kuwa mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mwahishe kituo cha afya na uende na chupa yenyewe.

*Fedha.* Asiyejua alichonacho hununua tena. Tulikutana na watu waliokuwa na vichujio vitatu na hakuna walichokikumbuka.

Hatua kwa hatua

Chagua siku isiyo na mvua wala wageni. Kama ua ni wa wapangaji wengi, waambie majirani mapema. Anza asubuhi baada ya chai, ili jua la mchana likaushe vyombo.

*Hatua ya 1: Toa chakula kwanza.* Weka kila kitu juu ya mkeka safi. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti. Unga wenye uvundo, ulioshikana mabonge au wenye ukungu, usile na usimpe mtu. Usiwape kuku wala ng'ombe pia, maana sumukuvu inawadhuru mifugo, na hupita kwenye maziwa ya ng'ombe. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitoe.

Chakula kizuri kiweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Cha zamani kikae mbele, kipya nyuma. Usichanganye unga mpya na mabaki ya wa zamani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, yasilale sakafuni.

*Hatua ya 2: Toa vyombo vyote.* Vyote maana yake vyote, pamoja na vile vya chini ya kitanda na vya juu ya kabati. Pangeni sufuria na sufuria, vifuniko na vifuniko, vijiko na vijiko. Sufuria isiyo na mfuniko na mfuniko usio na sufuria vitajionyesha vyenyewe.

*Hatua ya 3: Gawa mafungu manne.*

- La kwanza ni la kila siku: sufuria ya ugali, ya mboga, ya wali, birika, mwiko, upawa, kisu, na sahani za watu wa nyumba.
- La pili ni la mara moja moja: mbuzi ya nazi, kinu, kikaango kikubwa, chujio, ungo.
- La tatu ni la shughuli: sufuria kubwa, vyombo vya wageni.
- La nne ni la visivyotumika: vilivyotoboka, vilivyopasuka, vinavyofanana kupita kiasi, na ambavyo hakuna anayekumbuka mara ya mwisho vilitumika.

Ukisita, jiulize: "Tangu sikukuu iliyopita hadi leo, nimekigusa?" Kama hapana, na si cha shughuli, kinakwenda fungu la nne.

*Hatua ya 4: Amua la fungu la nne siku hiyo hiyo.* Likirudi ndani "kwa muda" limerudi moja kwa moja. Njia zipo:

- Mpe anayeanza maisha: kijana anayepanga chumba, binti anayekwenda shule ya bweni.
- Sufuria za alminiamu zilizotoboka, fundi anaweza kuziziba. Zisizofaa kabisa, wanunuzi wa vyuma chakavu huzipima kwa kilo.
- Wachuuzi wanaopita na mabeseni mara nyingine hubadilishana vyombo kwa nguo kuukuu. Angalia tu usitoe kimoja ukapokea viwili.
- Vya udongo na glasi zilizopasuka, funga vizuri kabla ya kutupa, ili asichanike anayezoa taka wala mtoto anayecheza.

Chombo kilichowahi kuwa na dawa ya kuulia wadudu wa shambani kisitumike kamwe kwa maji au chakula, hata ukikiosha mara kumi. Usimpe wala usimuuzie mtu. Kitoboe ili kisitumike tena, na muulize afisa ugani mahali salama pa kukipeleka.

*Hatua ya 5: Safisha mahali palipokuwa na vitu.* Fagia, futa mafuta ukutani, ziba matundu ya panya. Mende na panya hukaa kwa sababu kuna makombo na maficho. Ukiondoa hayo mawili, mtego unatosha na sumu haitahitajika karibu na chakula.

*Hatua ya 6: Rudisha kwa mpangilio.*

- Vya kila siku viwe kati ya kiuno na mabega, pale mkono unapofika bila kuinama wala kupanda kiti.
- Vizito chini. Vyepesi na vya shughuli juu.
- Visu juu, mbali na watoto.
- Sufuria ziingizane, vifuniko vining'inie kwenye misumari au kamba ukutani.
- Mafuta ya taa, sabuni na dawa za wadudu vikae nje ya jiko au kwenye sanduku lenye kufuli, ndani ya vyombo vyake halisi.
- Mifuko mbadala: baki na mitano, ikunje uiweke ndani ya mmoja.

Vijijini tuna kitu ambacho mtu wa ghorofani anakitamani: kichanja. Vyombo vikikauka juani juu ya kichanja havihitaji kufutwa kwa kitambaa chafu, na havilundikani ndani vikiwa na maji. Wazee watakumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza na kuchukua hatua vijijini kwao. Hawakununua vitu vingi. Walisafisha mazingira, wakachimba vyoo, wakaziba madimbwi. Kazi hii nayo ni ya namna hiyo: mikono mingi, fedha kidogo.

Majiko na mtungi wa gesi

Amua jiko lipi ni la kila siku na lipi ni la akiba. Wengi tuliozungumza nao wanabaki na mawili: la gesi, na la mkaa kwa ajili ya maharage au siku gesi inapoisha. La tatu likiwepo, mara nyingi halifanyi kazi ila kuchukua nafasi.

Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na moto na mbali na njia ya watoto. Usiuzungushie mapazia, maboksi wala nguo. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye mpira. Ukiona mapovu yanatokea, gesi inavuja.

Ukisikia harufu ya gesi: usiwashe wala usizime taa, usiwashe kiberiti, usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama unaweza, fungua milango na madirisha, toa watu wote nje. Ukiwa mbali, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kama upo mbali na kituo cha zimamoto, piga kelele za kuita majirani huku ukizuia mtu yeyote kuingia na moto.

Maji: baki na unayoyahitaji, funika yote

Hesabu maji ya nyumba yako kwa siku mbili au tatu, na weka vyombo vya kutosha hayo. Vilivyozidi vipindue au vihifadhi sehemu isiyonyeshewa. Kila wiki mwaga maji yaliyobaki chini, sugua kuta za ndani za ndoo na pipa, maana mayai ya mbu hugandamana ukutani, kisha jaza upya na ufunike. Maji ya kunywa yawe na chombo chake chenye mfuniko na kata ya mpini mrefu au bomba.

Maswali tuliyoulizwa

*"Vyombo ni akiba yangu. Nikivitoa si nimepoteza?"*
Kwa wanawake wengi vyombo ni mali yao wenyewe, waliyoipata kwa jasho lao, na hilo liheshimiwe. Lakini jaribu kuuza sufuria iliyotumika uone utapewa shilingi ngapi. Akiba ya vyombo hushuka thamani siku unapotoka dukani. Anayetaka akiba, kikundi cha kuweka na kukopa au mbuzi wawili wa kufuga vitamfaa zaidi ya hotipoti ya sita.

*"Ni zawadi ya mama mkwe. Nitaitoaje?"*
Kama anakuja kukutembelea, itumie siku akija. Kama kweli haina kazi, mpe ndugu wa upande wake anayeihitaji, na umwambie mapema: "Mama, ile sufuria nimeona imfae shemeji, maana ana watoto wengi." Kikibaki ndani ya ukoo, hakuna aliyedharauliwa.

*"Misiba na harusi je? Nisipokuwa na vyombo vingi nitaaibika."*
Huko mjini watu hukodi vyombo pamoja na viti na maturubai, ndiyo maana mtu wa chumba kimoja anafanya shughuli ya watu mia. Vijijini tunaweza kufanya kwa njia yetu: kikundi, mtaa au kanisa na msikiti vinunue seti moja kubwa ya pamoja. Viandikwe alama kwa rangi, awepo mtunzaji mmoja, na liwepo daftari la anayechukua na anayerudisha. Kilichovunjika kilipwe. Seti moja ya kijiji inaondoa sahani mia katika kila nyumba.

*"Mume wangu anaweka vyuma, spana na madumu jikoni."*
Kanuni ni ile ile kwa wote: msitupiane vitu. Kaeni, kila mtu achambue fungu lake, kisha mkubaliane mahali pa kila kitu. Kitu kilichotupwa kwa hasira hurudi kama ugomvi.

Kabla ya kwenda Kariakoo tena

Andika orodha kwenye simu kabla ya kupanda basi, na piga picha ya rafu yako. Ukifika mtaani, muuzaji akikwambia "mama, chukua na hiki, nakupunguzia", fungua picha uangalie. Uliza bei ya kimoja na bei ya jumla, kisha nunua unachohitaji. Kama dazani ni lazima, tafuta majirani wawili mgawane kabla ya kulipa.

Usichukue chombo kwa mkopo wa marejesho ya kila siku kama chakula cha wiki bado hakijapatikana. Mikopo ya namna hiyo, ambayo watu wameipa jina la "kausha damu", imewafanya wengine wauze hata vyombo walivyokuwa navyo kabla ya kukopa.

Na kwa kila kimoja kinachoingia, kimoja kitoke. Bibi wa uani alituambia anapopata sufuria mpya, ile ya zamani haivuki usiku ndani ya chumba chake.

Fanyeni hili wiki hii

Tusiwaombe mmalize jiko zima kwa siku moja. Wiki hii fanyeni mambo matatu: chambueni unga na karanga, ondoeni vyote vilivyo ndani ya hatua mbili kutoka kwenye jiko linalowaka, na pindueni kila chombo kinachoshika maji nje. Hayo matatu hayahitaji shilingi, na ndiyo yanayookoa maisha. Vikombe na hotipoti vinaweza kusubiri Jumamosi.

Ukimaliza, hesabu ni vitu vingapi vimetoka na vimekwenda wapi, kisha tuambie kwenye kipindi. Kama kijiji chenu kina seti ya pamoja ya vyombo vya shughuli, tueleze pia mnaitunzaje, ili na wengine wajifunze kwenu.